Wenye madoa hawaji kwenye turubai: niliyojifunza katika kampeni za saratani ya kinywa Tanga

Pitisha gari la matangazo mtaani, sema Jumamosi kuna upimaji wa kinywa na meno bure uwanjani, watu watajaa. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno mkoani Tanga, nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, na sijawahi kuona turubai letu likikosa watu. Mama anakuja na watoto watatu: mmoja ana jino lililotoboka, wa pili ameambiwa kuna mswaki wa zawadi, wa tatu kafuata wenzake. Vijana wa bodaboda wanapaki pembeni wanauliza kama tunasafisha meno. Wanafunzi wa sekondari wanauliza habari za meno yaliyopandana. Mgeni rasmi anahutubia, fulana zinagawiwa, picha zinapigwa. Jioni tunahesabu fomu na kuandika kwenye ripoti kwamba mamia ya watu wamefikiwa.

Lakini keti uzipitie zile fomu moja moja. Tazama umri. Tazama pale panapoulizwa kama mtu anatumia sigara, ugoro, tambuu au pombe. Kampeni imeitwa ya saratani ya kinywa, na karibu wote waliopimwa ni watu ambao hatari yao ya kupata saratani hiyo ni ndogo sana. Mzee wa miaka 60 anayetafuna tambuu yenye tumbaku tangu hajaoa hayumo. Bibi anayeweka ugoro shavuni kila baada ya chakula hayumo. Mnywaji wa mnazi ambaye pakiti ya sigara haimtoki mfukoni hayumo pia, na jioni ile yuko palepale klabuni, hatua chache kutoka uwanjani.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Watu wetu huenda kwa daktari wa meno jino linapowanyima usingizi. Saratani ya kinywa inapoanza haiumi. Inaanza na doa jeupe ndani ya shavu, au wekundu chini ya ulimi, au kidonda kidogo ubavuni mwa ulimi ambacho mwenyewe anadhani amejing'ata. Anakula, anaongea, anakwenda msikitini, maisha yanaendelea. Sisi tunatangaza "njooni mpimwe meno", na yeye meno hayamuumi, au hana hata moja lililobaki. Aje kufanya nini?

Na ugonjwa wenyewe si mdogo. Makadirio ya mwaka 2022 ni kwamba duniani kote watu karibu 390,000 waligundulika na saratani ya midomo na kinywa, na zaidi ya 188,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Sehemu kubwa ya wagonjwa iko Asia ya Kusini, kwenye tambuu na tumbaku za kutafuna. Sisi watu wa pwani tusidhani hayo ni ya mbali. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa sahani ya majani ya tambuu na popoo, zile kokwa ngumu zinazotafunwa pamoja nayo. Hizi ni mila zilizovuka Bahari ya Hindi zamani, zikaingia kwenye harusi zetu, kwenye maulidi, kwenye mazungumzo ya jioni. Kwa hiyo anayekuja kuzisema vibaya lazima ajue anagusa nini.

Nilijifunza mengi kwa kusimama kwenye meza ya muuza tambuu mmoja pale Ngamiani. Majani ameyafunika kwa kitambaa kibichi yasinyauke. Pembeni kuna popoo zilizokatwa vipande vyembamba, kopo la chokaa iliyolainishwa, katu, iliki, karafuu, na tumbaku iliyosagwa kwenye kibati chenye mfuniko. Mteja hasemi kitu, anasimama tu. Muuzaji anachukua jani, analipangusa, anapaka chokaa kwa kidole, anatupia popoo, anauliza "na tumbaku?" huku mkono uko tayari kwenye kibati, maana jibu analijua. Anakunja, anakabidhi, anapokea hela. Yule bwana anawajua kwa majina watu wote wa mtaa wanaotafuna, nani anatafuna mara ngapi kwa siku, na nani siku hizi analalamika kwamba tambuu inamchoma. Hakuna fomu yetu yenye taarifa kama hizo.

Nilipomweleza tunachotafuta alisikiliza vizuri, akanitajia watu. Hakuona kwamba namharibia biashara, kwa sababu sikuja na bango la kumfukuza. Alichoshangaa ni habari ya popoo. Kama wengi, alijua tumbaku ina madhara, lakini popoo kwake ni kitu cha kusafisha kinywa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, lilishatoa hukumu yake mwaka 2004: popoo yenyewe inasababisha saratani kwa binadamu, na tambuu isiyo na tumbaku nayo inasababisha. Chokaa inaunguza ngozi laini ya shavu na kuifanya ipokee sumu kwa urahisi zaidi. Anayeacha tumbaku akabaki na popoo amepunguza hatari, hajaiondoa. Siku hizi namwambia kila mtafunaji hivyo wazi, ingawa wapo wanaonikunjia uso.

Kilichotupa ujasiri wa kuhamisha kazi kutoka uwanjani ni utafiti wa Kerala, kusini mwa India, ambao daktari bingwa wa timu yetu alitueleza tukiwa tumekaa tunapanga kampeni. Rengaswamy Sankaranarayanan na wenzake waliuanza mwaka 1996. Walichukua maeneo 13, katika 7 wakapita nyumba kwa nyumba kutazama vinywa, na 6 yakabaki na huduma za kawaida. Waliopita kupima hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza chuo kikuu, wakafundishwa kutazama kinywa na kutambua kisicho cha kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Ukichanganya watu wote, tofauti ya vifo haikutosha kusema neno la uhakika. Ukitazama watumiaji wa tumbaku au pombe peke yao, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa theluthi moja hivi. Baada ya kufuatilia kwa miaka 15, upungufu kwa kundi hilo ulikuwa karibu robo.

Mimi hapo nilisikia mambo mawili. Kwanza, kupima kila mtu hakusaidii sana, kuwapima walio hatarini kunaokoa roho. Pili, kifaa kikubwa ni macho ya mtu aliyefundishwa. Hakuna mashine pale, ni tochi, kijiti na muda.

Basi tukaanza kuwafuata. Wavuvi tunawapata Deep Sea asubuhi, mashua zikishaingia na samaki wakishauzwa. Ukifika mapema kabla ya mnada unaongea na upepo. Wazee tunawapata vibarazani baada ya swala ya alasiri. Wanywaji wa mnazi ni mapema mchana, kabla vichwa havijachangamka, na ni lazima mwenye klabu akubali kwanza. Wanawake watu wazima ndio walioachwa kabisa na kampeni za uwanjani, na kwao njia ni moja tu: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naye awe mwanamke wa mtaa uleule, atangulie siku moja kabla aseme tunakuja. Mkigonga mlango wa uani mkiwa wanaume wawili wenye makoti meupe mtaambiwa bibi kalala.

Bibi mmoja wa Makorora ndiye ninayemtumia nikifundisha vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi. Tulimkuta amekaa kwenye mkeka uani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Lakini mimi meno sina, utapima nini?"

"Napima shavu na ulimi, bibi."

"Ulimi nao unapimwa?" Akacheka, akaenda kusukutua. Alirudi, akakaa kwenye kiti kilichoelekea jua, akafungua kinywa.

Kupima kwenyewe kunakwenda hivi, na nakueleza kwa urefu kwa sababu wengi hata wenye vyeti wanatazama meno na kufunga. Kama mtu ana meno ya bandia, yatoke. Unaanza na midomo, unaigeuza nje, wa juu na wa chini. Kisha shavu moja, unalivuta kwa kijiti mpaka uone kona ya nyuma kabisa, halafu la pili. Fizi zote, nje na ndani. Kaakaa. Kisha unamwambia atoe ulimi, unaushika ncha kwa shashi ili usiteleze, unauvuta taratibu upande wa kulia utazame ubavu wake mpaka nyuma, halafu wa kushoto. Hapo ubavuni na chini ya ulimi ndipo saratani inapopenda kujificha, na ndipo wapimaji wa haraka hawafiki. Mwambie ainue ulimi aguse kaakaa, utazame sakafu ya kinywa. Halafu weka tochi chini utumie kidole chenye glovu: papasa, tafuta ugumu. Malizia shingoni, chini ya taya pande zote mbili, kama kuna tezi. Dakika tatu, nne, zinatosha.

Kwa bibi yule nilikuta doa ndani ya shavu la kushoto, chini karibu na fizi, upana wa ukucha wa kidole gumba. Lilikuwa jeupe la kijivu, lenye mikunjo. Nikalipangusa kwa shashi, halikutoka. Utando wa fangasi ukiupangusa hutoka na kuacha wekundu, doa hili lilibaki vilevile. Nikamuuliza ugoro anauweka wapi. Akanyoosha kidole, palepale.

"Na pananiwasha nikila mchuzi wa pilipili," akasema, "lakini mwanangu, nani huenda hospitali kwa kuwashwa na pilipili?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote, na nakuomba usome hapa kwa utulivu. Madoa meupe mengi hayageuki saratani. Yapo yanayofifia mtu akiacha tumbaku. Lakini machache yanageuka, na kwa macho peke yake hatuwezi kujua lipi ni lipi, ndiyo maana tunachukua kinyama kidogo kikapimwe. Wekundu unaokaa bila sababu unatutia wasiwasi kuliko weupe. Na kidonda chochote cha kinywani kinachopita wiki 2 bila kupona, baada ya kuondoa kinachokichokoza, ni cha kutazamwa na mtaalamu, awe mwenye kidonda ni kijana au mzee, awe anatafuna au hatafuni.

Mpaka hapo kampeni inaonekana imefanya kazi yake. Doa limeonekana, karatasi ya rufaa imeandikwa. Mimi nasema kazi ndiyo kwanza inaanza, na kampeni nyingi zinaishia hapohapo kwenye karatasi. Ile karatasi inakwenda kuwekwa ndani ya kitabu au chini ya godoro. Ukirudi baada ya mwezi mtu anakwambia bado anajipanga.

Kujipanga huko kuna mambo mengi ndani yake. Kuna hofu ya kusikia majibu. Kuna mtoto wa kiume anayefanya kazi Dar ambaye lazima aulizwe kwanza. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, na siku ya kazi inayopotea. Na kuna imani moja ambayo nimeikuta karibu kila mtaa, kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unatapakaa. Imani hii ina mzizi unaoeleweka. Watu wamemwona jirani aliyekwenda hospitali ugonjwa ukiwa umeshafika shingoni, akakatwa kinyama, akafa baada ya miezi michache. Kwao kilichomuua ni kile kisu. Ukiwakebehi unawapoteza. Mimi huwauliza yule jirani alianza kuumwa lini, alikaa na kidonda muda gani kabla ya kwenda, na tunahesabu pamoja. Mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayesema, "Kumbe alichelewa."

Kuna pia upande wetu sisi wenye hospitali. Namkumbuka mstaafu mmoja wa mashamba ya mkonge, mtu mpole, aliyetafuna tambuu karibu maisha yake yote. Kinywa chake kilikuwa kimekakamaa. Kwa kawaida mtu huweza kuingiza vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Kwake viwili viliingia kwa shida. Kukakamaa huko ni kazi ya popoo, nyama za mashavu zinageuka kuwa kama ukanda wa ngozi kavu, na ni dalili ya hatari hata kabla ya kidonda. Yeye alikuwa na kidonda tayari, nyuma ya jino la mwisho. Alikubali rufaa, akaenda, akakatwa kinyama. Akaambiwa arudi baada ya wiki kadhaa kuchukua majibu. Akarudi, majibu hayajafika. Akarudi tena, akaambiwa aliyekuwa na faili lake yupo likizo. Kila safari ilikuwa ni nauli ya watu wawili, maana hakuwa wa kusafiri peke yake. Safari nyingine hakwenda tena. Tulipompata upya, tezi za shingo zilikuwa zimeshakuwa ngumu. Akapelekwa Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, kwa mionzi.

Watu wengi hawajui mionzi ya saratani ya kinywa inataka nini kwa mtu wa mkoani. Kwa kawaida ni wiki 6 hadi 7, siku 5 kila wiki. Tanga hadi Dar ni kilomita kama 350, hakuna kwenda na kurudi. Ni kupanga mahali pa kulala, kula, na mtu wa kumwangalia, na kinywa chenyewe kinaungua, mate yanakauka, chakula hakishuki. Kabla ya kuanza, meno mabovu lazima yang'olewe au yatibiwe, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hauponi vizuri jeraha likitokea baadaye. Hilo la meno ndilo liko ndani ya uwezo wetu huku mikoani, na tukilifanya mapema mgonjwa hapotezi muda akifika. Mzee wetu alivumilia matibabu, akarudi nyumbani, akafariki kabla mwaka haujaisha. Aliyeonekana na timu yetu akiwa bado ana nafasi nzuri alikaa miezi akisubiri karatasi, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Baada yake tuliweka utaratibu mwingine. Kabla hatujapanga siku ya kupima mtaani, tunapanga kwanza siku ya kuchukua vinyama, na daktari wa upasuaji wa kinywa anakubali kwa maandishi kwamba siku hiyo atakuwepo na wagonjwa wetu hawatapanga foleni na wa kung'oa meno. Tunampa mtu mmoja, narudia, mtu mmoja mwenye jina, daftari la wote waliokutwa na tatizo. Daftari lina namba ya simu ya mgonjwa, na ya mtoto au jirani, kwa sababu simu za wazee huzimika. Mhudumu wa mtaa anamsindikiza mgonjwa siku ya kwanza, kwa nauli yetu. Majibu yanafuatiliwa na sisi, si na mgonjwa. Mgonjwa anapigiwa akishakuwa na sababu ya kusafiri. Na jina halifutwi kwenye daftari mpaka pawe na majibu yaliyosomwa mbele ya mwenyewe na hatua iliyochukuliwa.

Fedha tulizipata wapi? Kwenye fulana. Nasema hili nikijua litawaudhi baadhi ya waandaaji. Fulana moja yenye nembo ya kampeni ni nauli ya mgonjwa kwenda na kurudi hospitali ya mkoa, mara nyingi na chai inabaki. Tulipokaa na wafadhili wetu tukawaonyesha hesabu hiyo, walikubali bila kelele.

Nikupe na habari ya aliyepona. Mvuvi, mtu wa makamo, tulimkuta Deep Sea na kidonda ubavuni mwa ulimi. Kando yake palikuwa na jino lililovunjika, lenye ncha kali. Kidonda kama hicho mara nyingi ni cha jino, kwa hiyo tulilisawazisha jino tukampa wiki 2. Nikampigia, akasema kimepungua. Sauti yake haikuniridhisha, nikamfuata. Kilikuwa vilevile, na pembeni pamekuwa pagumu. Kinyama kikachukuliwa, majibu yakawa saratani, na uvimbe haukufikia sentimita 2. Alifanyiwa upasuaji, ikatolewa sehemu ya ulimi, na hakuhitaji mionzi. Katika nchi zenye takwimu nzuri, wanaogundulika saratani ikiwa bado haijatoka mahali ilipoanzia, zaidi ya 8 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Yeye amerudi baharini. Anaongea kwa kithembe kidogo, na herufi ya "r" inampa tabu.

Tukamwomba aje nasi siku tunapita kwa wavuvi wenzake. Mimi huwa nazungumza dakika kumi kuhusu sumu za tumbaku, watu wanaitikia kwa heshima huku wanatazama bahari. Yeye alisimama akasema, "Mnanisikia ninavyoongea? Kilikuwa kidogo hivi," akaonyesha ukucha wa kidole cha mwisho. Watu wakajipanga kupimwa. Wawili waliokuwa wameshaondoka waliitwa warudi na wenzao. Tangu siku ile sioni sababu ya kampeni ya saratani ya kinywa kwenda kwa watu bila mtu wa aina yake, kama yupo na akiwa radhi.

Kuhusu kuacha, Ramadhani imenifundisha kitu. Kupima mchana wa Ramadhani ni vigumu, mtu hataki kijiti wala kidole kinywani akiwa amefunga, na sisi hatulazimishi. Lakini ni mwezi ambao mtafunaji wa miaka 40 anakaa kuanzia alfajiri mpaka magharibi bila tambuu, na bila kufa. Kwa hiyo tunapita wiki chache kabla, tunapima, tunawaomba wale wenye madoa waanze na mchana wa mfungo, kisha wasiifuturie tambuu, wafuturu kwa tende na maji kama kawaida na wabaki hapo. Imamu mmoja alitusaidia sana kwa kulisema jambo hili baada ya tarawehe. Si wote wanaofika Idi bila kurudia. Wanaofika, wengi wanatuambia wiki ya kwanza ndiyo ilikuwa ngumu, kichwa na hasira, na kwamba karafuu moja au kipande cha tangawizi mdomoni kiliwasaidia mikono isitafute kibati.

Vijana ni shughuli nyingine. Wao tambuu wanaiona ya wazee, wanaweka kuberi, tumbaku ya vipaketi isiyovutwa, chini ya mdomo. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, lakini kipaketi kidogo kinauzwa dukani karibu na pipi, na ugoro unafungwa kwenye kikaratasi kisicho na onyo lolote. Hapa mwenyekiti wa mtaa ana nguvu kuliko mimi, na nimeona mitaa ambako mwenyekiti aliamua na wauzaji wakaelewa.

Na ndugu zetu wenye ualbino wasisahauliwe. Kwao hatari iko kwenye mdomo wa chini, kwa sababu ya jua. Mdomo unakauka, unapasuka, kinakuja kidonda kinachopona na kurudi. Kofia pana na mafuta ya kuzuia jua ya kupaka hata midomoni ni kinga, na kwenye kampeni yetu wao wanapimwa hata kama hawajawahi kugusa tumbaku.

Bibi wa Makorora alikatwa kinyama chake. Mwanawe alikuja kutoka Dar, akauliza maswali makali, tukayajibu yote, akatia saini. Majibu yalirudi kwamba si saratani, ila chembechembe zimeanza kubadilika. Doa likaondolewa. Ugoro ameuacha, ila tambuu bado anaomba kwa wajukuu siku za harusi, na tunamtazama shavu lile kila baada ya miezi michache.

Kama uko kwenye kamati inayopanga upimaji, iwe ni Februari 4 siku ya saratani duniani au Machi 20 siku ya afya ya kinywa, kabla ya kuulizia bei ya turubai na spika uliza haya kwenye kikao: nani atachukua vinyama, siku gani, vitasomwa wapi, daftari atashika nani, na nauli ya wagonjwa iko kwenye fungu gani. Kisha mtafuteni muuza tambuu wa mtaa huo. Mwambieni mnataka nini, naye atawaonyesha nyumba za kuanzia.